Kuchora, kukwaruza na kubandika moja kwa moja kwenye filamu ya 16mm: naomba mwongozo

mkanda16

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada kwa wanaozijua filamu za mkono, zile ambazo msanii hashiki kamera kabisa: anachora, anakwaruza au anabandika vitu kwenye utepe wenyewe, kama walivyofanya Len Lye, Norman McLaren na Stan Brakhage. Lengo ni filamu ya dakika moja ya 16mm (utepe wenye upana wa milimita 16), ioneshwe kwa projekta halisi ukutani mbele ya watu.

Vilivyopo: projekta ya 16mm yenye kisoma sauti, futi 100 za filamu ya rangi ambayo imeoshwa ikatoka nyeusi tupu, na makopo matatu ya filamu za zamani zenye picha. Kopo moja limeandikwa "kilimo", mawili hayana lebo. Tulifikiri kuzifuta hizo za zamani tupate utepe mweupe wa kuchorea.

Maswali: picha za zamani zinafutwaje bila kuharibu plastiki? Rangi gani inashika na haibanduki ndani ya projekta? Kitu kimoja kikae fremu ngapi ndipo mtu akione? Na sauti, inawezekana kuichora kwa mkono bila studio?

fundi_lango

Karibu mkuu. Tuanze na vipimo, maana hapa kila uamuzi wa sanaa unarudi kwenye vipimo hivi. Futi moja ya 16mm ina fremu 40 (fremu ni picha moja moja ya utepe). Projekta ya sauti inapitisha fremu 24 kwa sekunde. Dakika moja basi ni fremu 1,440, yaani futi 36, karibu mita 11. Kutoka tundu hadi tundu (matundu ya pembeni yanayoshikwa na meno ya projekta) ni mm 7.62, na kwenye 16mm mstari wa kutenganisha fremu uko usawa wa tundu, kwa hiyo nafasi iliyo kati ya tundu na tundu ndiyo fremu yenyewe. Piga mistari ya kila mm 7.62 kwenye karatasi, iweke juu ya kioo chenye taa kwa chini, kisha laza utepe juu yake. Hata utepe ukiwa mweupe pe, mipaka utaiona.

Mwanzo wa filamu uwe juu, mwisho chini. Chora wima kama unavyochora siku zote. Ndani ya projekta utepe unapita kichwa chini na lenzi inaupindua, kwa hiyo ukutani mambo yatakaa sawa.

Sasa hizo futi 100 nyeusi. Hiyo ndiyo mali, na kwa dakika moja zinatosha karibu mara tatu. Msianze na jiki, anzeni na sindano. Tafuta kwanza upande wenye tabaka la picha: ni ule usiong'aa sana, na ukiugusa kwa mdomo wenye unyevu kidogo unanata. Kwaruza upande huo. Filamu nyeusi ya rangi ina tabaka tatu, na kwenye filamu ya kawaida ya kuoneshea mkwaruzo mwepesi unatoa kijani, ukizidisha mkono unapata njano, ukifika chini kabisa unapata nyeupe. Rangi zote tatu zimo tayari ndani ya giza, kazi yako ni kudhibiti kina. Filamu nyeusi ya kawaida isiyo ya rangi inaruka moja kwa moja hadi nyeupe.

Zana: sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye kijiti, wembe, msasa laini, bisibisi ndogo ya fundi saa, kitana cha chuma kwa mistari sambamba. Len Lye alipofanya Free Radicals mwaka 1958 alikwaruza filamu nyeusi ya 16mm kwa zana za kila namna, zikiwemo ncha za mishale ya kale ya Wahindi Wekundu na vifaa vya daktari wa meno, na mistari yake inacheza na ngoma za Wabagirmi wa Chad. Tazameni jinsi mstari unavyojizungusha kama fimbo yenye uzito. Hilo halikuja kwa bahati: kila fremu inafuata kwa karibu mahali ile ya kabla yake ilipoachia.

Tabaka likiwa kavu sana linavunjika vipande na ukingo wa mstari unatoka na meno. Pitisha pamba yenye maji ya uvuguvugu, subiri nusu dakika, kisha kwaruza. Usikae na sehemu ndefu yenye maji, maana jelatini, yaani tabaka hilo lenyewe, ikilowa inang'oka yote kwa mkupuo. Na kaa mbali na matundu kwa angalau mm 1. Ufa mdogo kwenye tundu ndipo utepe utakapokatikia.

Kuhusu muda wa kitu kuonekana: fremu moja peke yake ni mmweko, mtu anajua kuna kitu kimepita lakini hajui ni nini. Fremu 2 hadi 3 zinatoa rangi inayohisiwa. Umbo litambulike, lipe fremu 8 hadi 12. Neno la kusomwa lipe 24 au zaidi. Fremu tupu nazo ni sehemu ya kazi. McLaren katika Blinkity Blank ya 1955 aliacha fremu nyingi zikiwa nyeusi na kuchonga picha kwenye fremu moja moja au vifungu vidogo, jicho la mtazamaji ndilo linaunganisha. Wanaoanza kwa kawaida hujaza kila fremu kwa kitu kipya, na ukutani inatoka fujo ya kijivu ambayo baada ya sekunde kumi hakuna anayeitazama.

Kuna njia nyingine ya haraka: puuzia mipaka ya fremu. Piga mstari mmoja wa mshazari kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia ndani ya fremu 48, yaani sentimita 36.6. Ukutani utaona mstari ukivuka skrini kwa sekunde mbili. Mchoro mmoja, sekunde mbili za mwendo. McLaren na Evelyn Lambart walitumia mantiki hii kwa sehemu kubwa ya Begone Dull Care mwaka 1949, wakipaka rangi vipande virefu vya 35mm pande zote mbili juu ya muziki wa mpiga piano wa jazi Oscar Peterson uliokuwa umesharekodiwa.

mtunza_makopo

Mkuu mkanda16, kabla hujafungua chupa ya jiki, hizo kopo tatu zisiguswe.

Filamu za 16mm za kilimo, afya na ushirika zilizozunguka Afrika Mashariki zina nakala chache sana zilizobaki. Tangu mradi wa BEKE (Bantu Educational Kinema Experiment, jaribio la filamu za elimu) wa 1935 hadi 1937 pale Vugiri, Tanganyika, uliotengeneza filamu 35 za 16mm zikiwa na sauti kwenye sahani za santuri, upande wetu umepoteza filamu nyingi kuliko zilizohifadhiwa. Kopo lisilo na lebo linaweza kuwa nakala ya mwisho. Ukishalitia jiki hakuna kurudi nyuma.

Fungua kopo, unusa. Harufu kali ya siki maana yake plastiki ya asetati imeanza kuoza. Tenga kopo hilo na mengine, maana mvuke wake unaharakisha kuoza kwa jirani. Kisha pima kusinyaa: laza fremu 100 kwenye rula. Fremu 100 za filamu isiyosinyaa ni mm 762 (za filamu iliyopita kwenye kamera ni 760.5). Ukisoma mm 754, imesinyaa karibu 1%, na meno ya projekta yatairarua. Hiyo haioneshwi, inaskaniwa tu kwa mashine isiyo na meno. Soma maandishi madogo ya pembeni mwa utepe, piga picha fremu chache juu ya taa, andika kilichomo, halafu wasiliana na taasisi ya kumbukumbu ya nchi yako. Kwa kuchorea nunueni utepe mweupe, au tumieni mabaki ambayo mna hakika nayo: vichwa na mikia ya filamu, au filamu mbichi iliyopitwa na wakati.

Mkipata 35mm ya kabla ya miaka ya 1950, hata msiikwaruze. Inaweza kuwa nitrati, inayowaka hata ikikosa hewa. 16mm haina hatari hiyo kwa sababu tangu ilipoanza mwaka 1923 ilitengenezwa kwa plastiki salama.

rangi_na_taa

Namuunga mkono mtunza_makopo kwa asilimia zote. Nijibu la kufuta na la rangi, kwa mabaki mliyo na hakika nayo.

Jiki inafanya kazi kwa sababu inayeyusha jelatini, na jelatini ndiyo inayoshika picha. Sehemu moja ya jiki kwa moja ya maji, kwenye beseni la plastiki, glavu za mpira, madirisha wazi. Mita moja moja, chovya huku ukigeuza. Utaona tabaka linalegea na kuteleza lenyewe, futa kwa sponji, suuza maji mengi, ning'iniza. Usiache utepe ukalala humo ukaenda zako. Na filamu yenye harufu ya siki isiingie kwenye jiki kamwe: siki ni asidi, na asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Vilevile asetoni, ikiwemo ile ya kufutia rangi ya kucha, ni mwiko, kwa kuwa inayeyusha plastiki ya asetati yenyewe. Kusafisha tumia spiriti.

Tatizo linakuja baadaye. Ukishaondoa jelatini, umebaki na plastiki tupu inayokataa maji. Wino wa maji unajikusanya matone matone na ukikauka unabanduka. Hapo zinazoshika ni maka peni za kudumu zenye spiriti, na rangi za kioo. Mkitaka rangi nyororo zinazoonesha mwanga vizuri, wekeni jelatini ibaki. Chukueni filamu mbichi, msiioshe kwa dawa ya kutoa picha, itieni moja kwa moja kwenye fiksa, ileile inayotumika vyumba vya giza vya picha na eksirei za zamani. Ndani ya dakika 5 hadi 10 inakuwa wazi. Suuza nusu saa kwenye maji yanayotembea. Sasa una utepe mweupe wenye jelatini, unaokunywa rangi za chakula na wino wa maji kama kitambaa. Rangi inaingia ndani, haikai juu, kwa hiyo hakuna cha kubanduka.

Rangi nzito ya akriliki au ya mafuta ni nzuri kwa macho lakini ni adui wa projekta. Utepe una unene wa karibu mm 0.14 tu, na lango la projekta (mwanya ambao utepe unapita mbele ya taa) limetengenezwa kwa unene huo. Donge la rangi la mm 0.2 linakwama, linabanduka, linakwangua fremu zinazofuata. Kanuni yangu: ukipitisha ukucha na ukahisi kingo, ni nene mno.

Hapo ndipo Mothlight ya Brakhage ya mwaka 1963 inapoeleweka vibaya. Watu wanajua alipanga mabawa ya nondo, petali na majani kati ya tabaka mbili za selotepu ya kuunganishia filamu ya 16mm, basi wanafanya hivyohivyo na kuutia utepe kwenye projekta. Ule wa asili haukuwa wa kuoneshwa. Ulipelekwa maabara ukanakiliwa kwa mguso, yaani utepe ukilazwa juu ya utepe, kwenye filamu mpya, na nakala ndizo zinazozunguka hadi leo. Mkitaka kubandika, chagueni vitu vyembamba kama bawa la kumbikumbi, ganda la kitunguu, uzi mmoja mmoja wa kitambaa, na mjue kwamba utepe huo ni wa kuskaniwa.

Mwisho, afya. Brakhage aligunduliwa kuwa na saratani ya kibofu mwaka 1996, na yeye mwenyewe aliamini imetokana na rangi za lami ya makaa alizopaka kwa miaka mingi. Glavu, hewa, na brashi isiingie mdomoni hata mara moja.

mkanda16

Ahsanteni sana. Makopo yamewekwa pembeni, tutayapima na kuyaandika kama mlivyoelekeza. Tumeamua kukwaruza filamu nyeusi, na kuongeza vipande vichache vyeupe vya rangi. Mawili yamebaki: rangi za maka zikikunjwa kwenye rili zinanatana, na lile la sauti.

rangi_na_taa

Za maka zinanatana kwa sababu spiriti ya juu imekauka lakini ya chini bado, na hewa ya pwani inachelewesha zaidi. Ning'iniza utepe saa 24, usikunje. Ukikunja, kunja kwa ulegevu, upande wenye rangi ukiangalia nje. Poda ya mtoto kidogo sana, ikipanguswa kwa kitambaa laini, inasaidia pale inapong'ang'ana. Ikizidi inageuka vumbi la lango.

sikio_la_mwanga

Nijibu la sauti.

Sauti ya 16mm ni ukanda wa karibu mm 2 pembezoni mwa utepe, upande usio na matundu. Taa ndogo inapenya hapo kwenda kwenye seli inayohisi mwanga, na mabadiliko ya mwanga ndiyo sauti. Kwa hiyo hakikisheni filamu ina matundu upande mmoja tu. Yenye matundu pande zote mbili itatoa mngurumo wa mapigo 24 kwa sekunde kila tundu linapopita, na huo hauzimiki.

Hesabu ya noti ni rahisi: idadi ya mistari kwa fremu, zidisha mara 24. Mistari 10 kwa fremu ni hezi 240 (mitetemo 240 kwa sekunde). Noti ya 440 inataka mistari 18 na kitu, yaani mstari kila mm 0.42. Kwa mkono na kioo cha kukuzia huo ndio karibu ukomo. McLaren alichora sauti namna hii kwa kalamu tangu filamu zake Dots na Loops za 1940, na baadaye akahamia kwenye kadi zenye michirizi zilizopigwa picha, kila kadi na noti yake, kwa sababu mkono haugawi mm 0.4 sawasawa kwa dakika nzima. Mstari mnene na mrefu kuvuka ukanda unatoa sauti kubwa, mwembamba au mfupi unatoa ndogo. Mistari iliyopangwa ovyo inatoa mchakato kama wa kayamba.

Kwa dakika yenu moja mapigo yatawafaa kuliko wimbo. Alama nene kila baada ya fremu 12 ni mapigo 120 kwa dakika, umbali wa sentimita 9.1 kati ya alama na alama. Gawanya hapo katikati kupata nusu pigo, gawanya kwa tatu kupata mdundo wa sita kwa nane. Rula tu inatosha.

Mambo mawili yanayoharibu. Kwanza, kisoma sauti hakiko penye lango. Kiko mbele zaidi kwenye njia ya utepe, umbali wa fremu 26. Sauti ya fremu fulani lazima ichorwe fremu 26 kabla yake, kuelekea mwanzo wa filamu, ambazo ni sentimita 19.8. Kata kijiti cha urefu huo, weka ncha moja kwenye picha, chora sauti kwenye ncha nyingine. Msipofanya hivyo, kila pigo litachelewa zaidi ya sekunde moja, na hilo kila mtu atalisikia.

Pili, na hili linahusu filamu yenu hasa: nyeusi ya filamu ya rangi si fedha, ni rangi za kemikali, na rangi hizo zinapitisha infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho. Projekta za zamani zenye taa ya nyuzi zinasoma infraredi hiyo kwa wingi, kwa hiyo kwake filamu yenu si nyeusi kama mnavyoiona. Mkikwaruza sauti juu yake itatoka dhaifu hata mkiwa mmefungulia spika hadi mwisho. Wino wa maka peni una kasoro hiyohiyo. Dawa yake: kwangua ukanda wote wa sauti hadi plastiki tupu, kisha chora juu yake kwa wino mweusi wenye kaboni, ule wa kuchorea ramani, kwa kalamu ya ncha ya chuma. Kaboni inazuia infraredi. Jaribuni futi tatu kwanza.

fundi_lango

Sikio kamaliza. Niongeze la siku ya kuonesha, na la kabla yake.

Skani kwanza, onesha baadaye, maana kila mzunguko kwenye projekta unakula kidogo. Skana ya mezani yenye taa ya filamu kwa dpi 2400 inatoa fremu ya takriban pikseli 970 kwa 708, inatosha kwa kumbukumbu. Kamera yenye lenzi ya makro ya 1:1, inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi, ni bora: kihisi cha mm 36 kinameza fremu 4 nzima kila picha, kwa hiyo picha 360 zinamaliza dakika yenu. Funga mwanga, fokasi na rangi visijibadilishe vyenyewe. Kata fremu, zipe namba kwa mfuatano, kisha ziunganishe kuwa video kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -pix_fmt yuv420p filamu.mp4

Kwenye projekta: ungeni mita 2 za utepe mtupu mwanzoni na mita 2 mwishoni, selotepu iwe ile ya filamu yenye matundu, pande zote mbili. Selotepu ya dukani gundi yake inatoka kwa joto. Pangusa utepe wote kwa kitambaa cha velveti kabla ya kuutia, maana unga wa kukwaruza ukikaa langoni utaonekana ukutani kama nywele kubwa na utachora mstari kwenye fremu zote zinazofuata. Acha kitanzi (ulegevu wa utepe) cha juu na cha chini ya lango kama alama za projekta zinavyoonesha. Utepe wenye viungo vingi ukipoteza kitanzi cha chini, picha inaanza kuruka. Zima, rudisha, usisubiri ijirekebishe. Usisimamishe fremu hata sekunde: sehemu nyeusi inanyonya joto la balbu na inavimba mapovu mbele ya macho ya watu.

Man Ray mwaka 1923 pale Paris alimwagia chumvi, pilipili manga, pini na misumari midogo ya kubandikia karatasi kwenye filamu mbichi, akawasha taa kidogo, akaiosha, akaunganisha vipande kwa gundi kwa haraka kwa ajili ya onesho la Dada (kundi la wasanii waliopinga kanuni za sanaa) kwenye ukumbi wa Théâtre Michel. Viungo viliachia katikati ya onesho. Kwa hiyo vuta kila kiungo kwa mikono miwili kabla ya watu kuingia, na pitisha filamu nzima mara moja bila kuwasha balbu ili uone inakokwama.

Jambo jingine ni mwanga wa kumetameta. Mkipishanisha fremu moja nyeusi na moja nyeupe, mnapata mimeto 12 kwa sekunde, na hiyo imo ndani ya masafa yanayoweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Filamu ya The Flicker ya Tony Conrad ya 1966 inaanza na onyo la maandishi kwa sababu hiyo hiyo. Wekeni tangazo mlangoni, mlisome kwa sauti kabla ya kuzima taa, na mtu mmoja akae karibu na swichi.

mkanda16

Swali la mwisho mkuu: hilo onyo tunaweza kulikwaruza kwenye filamu yenyewe, au liwe la karatasi tu?

fundi_lango

Yote mawili. La kwenye filamu lipe sekunde 8, yaani fremu 192, sentimita 146 za utepe. Msiandike kwa mkono fremu moja moja, herufi zitatetemeka na hazitasomeka. Chapisha maneno kwenye karatasi, piga picha kwa filamu ya 16mm kama kuna kamera. Kama hakuna, tumia slaidi ya kawaida au projekta ya kompyuta kabla ya kuwasha ya 16mm.